Kujaa si kushiba: kifungua kinywa kipimwe saa nne, si mezani

Kiswahili kina maneno manne kwa jambo ambalo sayansi ya lishe ilihangaika nalo miaka mingi kabla ya kulitenganisha vizuri. Mtu hujaa, mtu hushiba, mtu hukinai, na mtu huridhika. Aliyejaa anasikia uzito tumboni. Aliyeshiba hana haja ya chakula, sasa na saa zijazo. Aliyekinai anaweza kuwa na nafasi tele tumboni, ila mdomo umekichoka chakula kile kile. Aliyeridhika ameondoka mezani bila kuzungukazunguka akitafuta kitu cha kumalizia. Katika mazungumzo ya kawaida tunayaviringisha yote pamoja, na mlo unaotuponza zaidi kwa uzembe huo ni kifungua kinywa.

Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Asubuhi watu hao wawili ni mtu mmoja. Anayeinuka mezani saa moja na nusu akijipapasa tumbo hamjui kabisa yule atakayekuwa yeye mwenyewe ifikapo saa nne, anayepiga miayo, anayesoma mstari mmoja mara tatu, anayefungua mtoto wa meza kutafuta biskuti. Hoja yangu ni kwamba hukumu ya kifungua kinywa inapaswa kutolewa na huyu wa pili. Sisi tumezoea kumsikiliza wa kwanza, na ndiyo maana tunachagua vibaya.

Nayasema haya kwa sababu nimekuwa huyo wa saa nne kwa miaka mingi. Kifungua kinywa changu kilikuwa vipande vinne vya mkate mweupe vilivyopakwa jemu, pamoja na chai yenye sukari ya kutosha. Nilikuwa nikijaa kweli. Kisha katikati ya asubuhi njaa ilikuwa inarudi kwa nguvu kuliko ile niliyoamka nayo, na mimi nikaamini kwamba nina hulka ya ulafi. Ilinichukua muda kufahamu kwamba tabia yangu haikuwa na kosa, na kwamba sahani yangu ndiyo iliyokuwa ikitimiza kile tu ambacho chakula cha aina ile hutimiza.

Tuanze na utafiti ambao kila anayezungumzia shibe humalizikia kuutaja. Mwaka 1995 Susanna Holt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, waliwalisha watu vyakula 38 tofauti, kila kimoja kwa kipimo chenye nishati ileile, yaani takriban kilokalori 240. Kila baada ya dakika 15, kwa muda wa saa mbili, walaji waliulizwa wamejisikiaje. Mkate mweupe uliwekwa kuwa kipimo cha 100, na vyakula vingine vikapangwa juu au chini yake. Viazi vya kuchemsha vikaongoza kwa 323. Uji wa oti ukapata 209, machungwa 202, mayai 150. Mkiani kabisa kikawa kile kimkate cha tabaka nyembamba kilichojaa siagi, kroasanti, kwa 47.

Hapo pana jambo la kutuliza kichwa. Kilokalori ni zilezile, lakini shibe ya viazi ni karibu mara saba ya ile ya kroasanti. Kwa hiyo anayehesabu kilokalori peke yake anahesabu kitu ambacho tumbo halikihesabu. Na ukitazama kipimo chenyewe utaona sababu mojawapo mara moja: kilokalori 240 za viazi vya kuchemsha ni sahani ya gramu 300 hivi, ilhali kilokalori 240 za kroasanti ni gramu 60, mng'ato wa mara tano au sita. Holt na wenzake waliona kwamba uzito wa chakula, maji yaliyomo ndani yake, protini na nyuzinyuzi vyote vilikwenda pamoja na shibe. Mafuta yalikwenda kinyume.

Lakini nina ubishi na orodha hiyo, au tuseme na namna inavyotumiwa. Saa mbili ni muda mfupi. Anayekula saa moja asubuhi na kula tena saa saba mchana anahitaji chakula cha kumvusha saa sita, na kipimo cha saa mbili kinamwacha saa tatu, kabla ya shida yenyewe kuanza. Kinapima zaidi kujaa kuliko kushiba. Viazi vinaweza kushinda mbio fupi na bado visiwe farasi wa safari ndefu.

Ili kuona kwa nini, ni lazima tushuke tumboni. Kuta za tumbo zina vipokezi vinavyohisi kutanuka. Chakula kinapoingia na kuzisukuma, habari hupanda kwenye ubongo kupitia neva ya vagasi: inatosha, punguza. Huko ndiko kujaa. Ni ishara ya haraka na ya kweli, ila haidumu, kwa sababu tumbo ni kituo cha kupita. Maji matupu hulitanua na kuondoka upesi. Kinachofuata ni kazi ya utumbo. Mafuta na protini vikigusa sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba, hutolewa homoni iitwayo kolesistokinini, ambayo hupunguza kasi ya tumbo kumwaga chakula chini na kuuambia ubongo kwamba mlo umekuja wa maana. Mbele zaidi, sehemu za chini za utumbo hutoa homoni nyingine mbili, GLP-1 na PYY, nazo huzidi kuvuta breki. Wengi sasa wameisikia GLP-1 kwa sababu dawa mpya za kupunguza uzito zimeigwa kutoka kwayo. Tofauti ni kwamba ile ya mwilini husambaratishwa ndani ya dakika mbili tatu, na dawa imeundwa ikae siku kadhaa. Kwa upande wa pili ipo ghrelini, homoni ya tumbo iliyogunduliwa Japani mwaka 1999 na kina Masayasu Kojima na Kenji Kangawa, ambayo hupanda kabla ya mlo na kushuka baada yake. Huipandisha njaa hata kwa mazoea: anayekula saa fulani kila siku, ghrelini yake hujifunza saa hiyo.

Kwa hiyo ishara ni nyingi na hazifiki kwa wakati mmoja. Ya kutanuka inafika mapema. Za utumbo zinafika polepole na kukaa. Kila kirutubisho kinagusa baadhi ya hizo na kuziacha nyingine.

Protini ndiyo inayogusa nyingi zaidi kwa kipimo kidogo. Huamsha kolesistokinini, huamsha PYY na GLP-1, huishusha ghrelini, na mwili hutumia kati ya asilimia 20 na 30 ya nishati ya protini hiyo katika kazi ya kuimeng'enya tu, wakati wanga huchukua asilimia 5 hadi 10 na mafuta kidogo mno. Mwaka 2005 wanasayansi wawili, Stephen Simpson na David Raubenheimer, walitoa hoja ambayo kwangu mimi inaeleza mengi: hamu yetu ya kula inatafuta kiasi fulani cha protini, na chakula kikiwa na protini chache tutaendelea kula wanga na mafuta hadi kiasi kile kipatikane. Ukilitazama pakiti la biskuti kwa jicho hilo, unaelewa kwa nini mkono haukomi kurudi.

Na asubuhi? Katika Chuo Kikuu cha Missouri nchini Marekani, Heather Leidy na wenzake walichapisha mwaka 2013 matokeo ya wasichana 20 wenye uzito uliozidi ambao hawakuwa na desturi ya kula asubuhi. Walipewa kwa nyakati tofauti kifungua kinywa cha kilokalori 350 chenye gramu 13 za protini, au cha kilokalori hizohizo chenye gramu 35, au hawakula kabisa. Vyote viwili vilipunguza njaa. Lakini kile cha gramu 35 ndicho kilichopunguza utafunaji wa vitu vyenye mafuta mengi usiku, ukilinganisha na siku za kutokula. Fikiria umbali huo: kilicholiwa asubuhi kinafika mpaka baada ya jua kuzama. Utafiti mwingine, wa mwaka 2005, ulichukua wanawake 30 hivi wenye uzito uliozidi na kulinganisha kifungua kinywa cha mayai na cha mkate wa duara, vikiwa na nishati sawa na uzito sawa. Waliokula mayai walikula kidogo mchana, na tofauti hiyo ikaendelea kuonekana kwa saa 36. Yai lile lile lililopata 150 tu kwa kipimo cha saa mbili.

Hapa watu hufanya kosa moja ambalo ningependa likomeshwe. Wanasikia protini, wanachemsha yai moja, wanaliweka kando ya vipande vitatu vya mkate, wanadhani wamemaliza. Yai moja lina gramu 6 hivi. Ili kuifikia ile 35 kwa mayai peke yake ungehitaji karibu sita. Lakini mayai mawili, glasi ya maziwa na kikombe cha maharage yaliyopikwa vinakupeleka pale pale bila mbio: 12 au 13, ongeza 8, ongeza 15. Maharage nayasisitiza kwa makusudi, kwa sababu yanaleta kitu ambacho yai halina hata chembe, nacho ni nyuzinyuzi. Nitalirudia hilo.

Wanga ndio wenye kesi ndefu, na ndio wanaohukumiwa bila kusikilizwa. Wapo wanaosema wanga wote ni adui wa shibe. Orodha ya Holt inawakanusha: viazi na oti ni wanga. Swali la kuuliza ni wanga huo unamwagika kwa kasi gani kwenye damu, na nini kinatokea baada ya kumwagika.

Mwaka 1999 David Ludwig na wenzake wa Boston walifanya jaribio ambalo nalipenda kwa usafi wake. Vijana 12 wa kiume wenye unene walipewa, kwa siku tofauti, vifungua kinywa vya nishati sawa, na mchana wakapewa tena mlo wa aina ileile. Kimoja kilikuwa oti za papo kwa papo, zile zilizosagwa na kupikwa nusu kiwandani. Kingine kilikuwa oti zilizokatwa tu, zinazopikwa kwa muda mrefu. Cha tatu kilikuwa kimanda cha mboga na matunda. Kisha wakaachwa wale watakacho mchana ule. Baada ya oti za papo kwa papo walikula asilimia 53 zaidi kuliko baada ya oti zilizokatwa, na asilimia 81 zaidi kuliko baada ya kimanda. Tulia kwenye ile namba ya kwanza. Nafaka ni moja. Protini, mafuta na wanga ni karibu sawasawa. Kilichobadilika zaidi ni kinu.

Ukivunja punje ukawa unga laini, vimeng'enya vinaipata wanga yote mara moja. Glukosi hupanda haraka kwenye damu, kongosho humwaga insulini kwa wingi kuikabili, na kwa watu wengi insulini hiyo hupita kiasi, glukosi ikashuka chini ya pale ilipokuwa kabla ya kula. Mwaka 2021 watafiti wa King's College London na wenzao walichapisha uchunguzi wa watu zaidi ya elfu moja waliovaa vipimo vya sukari ya mwilini vinavyosoma muda wote. Walikula zaidi ya vifungua kinywa 8,000 vilivyopangwa sawa. Kilichotabiri njaa vizuri zaidi hakikuwa kilele cha sukari. Kilikuwa lile bonde linalofuata, kati ya saa ya pili na ya tatu baada ya kula. Wale wenye mabonde makubwa walikuwa na njaa zaidi, waliwahi kula tena, na kwa siku nzima walikula zaidi ya kilokalori 300 kuwazidi wenye mabonde madogo.

Hesabu mwenyewe. Ukila saa moja na nusu, saa ya pili hadi ya tatu ni saa tatu na nusu hadi saa nne na nusu. Niliposoma hayo nilikaa kimya kwa muda. Ile njaa yangu ya miaka yote, niliyoipa jina la ulafi, ilikuwa na anwani na saa yake ya kufika.

Utafiti huohuo una habari nyingine ambayo wauzaji wa mipango ya kula huwa hawaitangazi: watu wawili wakila kitu kilekile wanapata mabonde tofauti kabisa. Rafiki yako anayekula mkate na jemu na kupitiliza hadi saa saba bila shida hakudanganyi. Ndivyo mwili wake ulivyo. Ushauri wake ndio usiokufaa.

Kinachozuia bonde, basi, ni chochote kinachopunguza mwendo. Protini hupunguza. Mafuta hupunguza. Lakini mpunguzaji wa asili wa wanga ni nyuzinyuzi zilizoumbwa pamoja nao, na hasa zile zinazoyeyuka. Oti zina aina iitwayo beta-glukani, ambayo ikikutana na maji hugeuka ute mzito. Ute huo huchelewesha tumbo kumwaga chakula, na huko utumboni hufanya kama tope ambamo glukosi inapita kwa kujikokota. Anayepika oti hujionea mwenyewe sufuriani. Kunde na maharage wana wanga uliofungwa ndani ya kuta ngumu za seli, na sehemu yake humengenywa polepole, nyingine huteremka hadi utumbo mpana ambako bakteria wanaichachusha. David Jenkins wa Toronto, ambaye mwaka 1981 yeye na wenzake ndio walioanzisha kipimo cha kasi ya wanga kuingia kwenye damu, alionyesha mwaka uliofuata kwamba aliyekula adesi asubuhi alikuwa na mwinuko mdogo wa sukari baada ya chakula cha mchana, saa nne baadaye, kuliko aliyekula mkate wa ngano isiyokobolewa. Yaani adesi za asubuhi ziliulainisha mlo ambao hata hazikuwemo.

Mafuta sitayachelewesha. Gramu moja ina kilokalori 9 dhidi ya 4 za protini au wanga, kwa hiyo kilokalori zake zinakuja katika kifurushi kidogo kisichotanua tumbo. Huamsha kolesistokinini na huchelewesha tumbo, ni kweli, lakini ukilinganisha kilokalori kwa kilokalori ni kirutubisho dhaifu kwa kushibisha. Nafasi yake iko kwingine, katika kuridhika, na huko tutafika.

Kabla ya hapo kuna jambo ambalo vibandiko vya vyakula havilionyeshi hata kidogo: umbo. Mwaka 1977 kikundi cha watafiti wa Bristol, Uingereza, kiliwapa watu kumi matufaha mazima, au rojo la matufaha, au juisi yake, wanga ukiwa sawa. Juisi ilinywewa kwa kasi mara 11 ya matufaha mazima na mara nne ya rojo. Juisi ilishibisha kidogo kuliko rojo, na rojo kidogo kuliko tunda zima. Sukari ya damu ilipanda karibu sawa kwa zote tatu, lakini baada ya juisi insulini ilipaa zaidi, kisha sukari ikaporomoka. Baada ya tunda zima haikuporomoka. Ni bonde lilelile, miaka 44 kabla ya vipimo vya kuvaa mkononi. Tunda ni moja, na tofauti iko katika nani amelivunja, mashine au meno.

Barbara Rolls wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania State alikuja na jaribio la maji ambalo nalo linafaa kukumbukwa. Mwaka 1999 yeye na wenzake waliwapa wanawake 24 chakula cha kuanzia kwa namna tatu: kikavu, kikavu chenye glasi ya maji kando, au viungo vyote na maji yale yale yakiwa yamepikwa pamoja kuwa supu. Waliokula supu ndio waliopunguza chakula kilichofuata. Maji ya glasi hayakusaidia. Maji yaliyofungwa ndani ya chakula hukaa na chakula, ya kando hupita zake. Kwa hiyo uji mzito na tunda zima vina faida ambayo biskuti kavu na kikombe cha chai havina, hata kama jumla ya maji ni ileile.

Ukiunganisha hayo unaelewa matokeo ya Kevin Hall wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani ya mwaka 2019. Watu 20 walilazwa, wiki mbili wakala vyakula vilivyosindikwa sana kiwandani, wiki mbili vyakula visivyosindikwa hivyo. Milo iliyoandaliwa ililingana kwa sukari, mafuta, nyuzinyuzi na wanga. Kwenye vyakula vya kiwandani walikula kilokalori 500 zaidi kila siku, na walikula kwa kasi zaidi. Anayedhani kwamba kulinganisha namba za nyuma ya pakiti kunatosha kuchagua kifungua kinywa na aitazame hiyo 500.

Sasa kuridhika. Wanaoandika kuhusu lishe hulipita neno hili haraka, kana kwamba ladha ni kishawishi cha kupuuzwa, nami naona wanakosea vibaya. Mwaka 2011 Alia Crum, akiwa Chuo Kikuu cha Yale, aliwapa watu 46 kinywaji cha maziwa cha kilokalori 380. Safari moja kibandiko kilisema ni cha anasa, kilokalori 620. Safari nyingine, kinywaji kilekile kilibandikwa kuwa chepesi, cha busara, kilokalori 140. Walipoamini wanakunywa anasa, ghrelini yao ilishuka kwa kasi karibu mara tatu. Homoni ya njaa, inayopimwa kwenye damu, ilisoma kibandiko.

Hilo linamgusa moja kwa moja anayejilazimisha kila asubuhi kula ute mweupe wa mayai bila chumvi huku akijihurumia. Mwili wake unaambiwa kwamba haukulishwa. Na kule kukinai nilikokutaja mwanzoni kunaingia hapa pia: tangu mwaka 1981 Barbara Rolls, wakati huo akiwa na wenzake wa Oxford, alikuwa ameonyesha kwamba hamu ya chakula kimoja hushuka kadiri unavyokila huku hamu ya vingine ikibaki juu. Sahani ya kitu kimoja inakinaisha kabla haijashibisha, na mtu anaondoka akiwa na tumbo lililofungwa na mdomo ulio wazi. Kijiko cha siagi ya karanga kwenye oti, yai lililokaangwa kwa mafuta kidogo, tunda lenye utamu wake wa asili baada ya maharage, hivyo si udhaifu. Mafuta hapo yanafanya kazi yake halisi, ya kukifanya chakula kiwe chakula.

Nisieleweke kwamba kila mtu lazima ale asubuhi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, ulikusanya majaribio 13 na kukuta kwamba waliokula kifungua kinywa walikula kwa siku takriban kilokalori 260 zaidi ya walioruka, na kwamba madai ya kifungua kinywa kupunguza unene hayana mguu wa kusimamia. Asiyesikia njaa asubuhi hadaiwi. Lakini swali la uzito na swali la njaa ni mawili. Mwaka 2022 watafiti wa Aberdeen, Uskoti, waliwapa watu 30 chakula cha siku kwa mipango miwili, mmoja ukiwa na sehemu kubwa asubuhi, mwingine jioni. Uzito ulipungua sawasawa. Walipokula zaidi asubuhi, hata hivyo, njaa ya mchana kutwa ilikuwa ndogo. Kwa anayefanya kazi ya kufikiri au ya kubeba, kuiishi siku bila kusumbuliwa na tumbo ni faida inayojitosheleza, mizani iseme itakavyo. Wenye kisukari wanaotumia insulini, wajawazito na watoto wana mahitaji yao, na wao wasipange haya bila daktari wao.

Pia ni haki kusema kwamba tafiti nyingi nilizozitaja zina watu wachache, kumi, kumi na wawili, ishirini, na kwamba katika eneo hili kiasi kikubwa cha fedha za utafiti hutoka kwa wenye bidhaa za kuuza. Ninachokiamini ni pale ambapo majaribio ya watu tofauti, ya miaka tofauti, yenye vipimo tofauti, yanakutana mahali pamoja. Tufaha la 1977, oti za 1999 na vipimo vya 2021 vinakutana kwenye bonde lile la katikati ya asubuhi.

Sahani yangu ya sasa ina oti zilizokatwa, si za unga, zilizopikwa kwa maziwa, na karanga juu yake. Siku nyingine ni maharage na mayai mawili, na kipande kimoja cha mkate kwa sababu naupenda. Tunda nalitafuna. Lakini sitaki mtu aichukue sahani hiyo kama ilivyo. Ningemwomba achukue daftari kwa wiki mbili. Wiki ya kwanza ale anavyokula siku zote na aandike mambo mawili tu: alikula nini, na njaa ya kwanza ya kweli ilimjia saa ngapi. Wiki ya pili abadilishe kitu kimoja, protini iongezwe, au juisi iwe tunda, au unga uwe punje, na aandike saa tena. Mimi saa yangu ilihama kutoka saa nne kasorobo hadi saa sita na nusu.